Manyoya ya Kutia Kwenye Mshale wa Mti: Yapi Ununue Kwanza na Yapi Uyaache

Mtu anayechonga mishale ya mti kwa mkono wake hutumia siku nyingi kuchagua uti ulionyooka, kuupima ugumu wake na kuupaka mafuta, kisha manyoya huyanunua kwa haraka, akivutwa na rangi tu. Kwa maoni yangu mpangilio huo umekaa kinyume, kwa sababu uti uliopinda kidogo hunyooshwa juu ya moto hafifu, lakini unyoya mbaya hauna dawa. Hapa ninapanga aina za manyoya ambazo mnunuzi anaweza kukutana nazo, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi hadi ile isiyofaa kuguswa kabisa, nikimfikiria mpiga shabaha anayetumia upinde wa kawaida usio na roda.

Kwanza ieleweke kwa nini hatuzungumzii mabawa ya plastiki yanayobandikwa nyuma ya mshale badala ya manyoya, ambayo ni rahisi kupatikana na hayaogopi mvua. Katika upinde wa mti, mshale hupita ukigusa ubavu wa upinde au juu ya ngumi ya mpigaji. Unyoya ukigusa hapo hulala, kisha huinuka tena, na mshale haubadili njia, ilhali plastiki hugonga na kuusukuma mshale pembeni. Tena manyoya matatu ya inchi 5 yana uzito wa karibu nusu gramu tu, na wepesi huo wa upande wa nyuma huuacha mshale uwe mzito mbele, kama inavyotakiwa.

Unyoya unaofaa hutoka kwenye bawa, tena ni yale manyoya marefu na magumu ambayo ndege huyategemea kuruka, si ya mkia wala ya kifua. Kila ndege anayo machache. Mwaka 1417, Mfalme Henry V wa Uingereza alipoagiza manyoya kwa ajili ya mishale ya jeshi lake, masherifu wake waliamriwa kukusanya manyoya sita ya mabawa kutoka kwa kila bata bukini. Idadi hiyo ndogo inaonyesha kwamba hata wakati wa vita hawakuokota kila kilichodondoka.

Jambo la pili ni bawa lenyewe. Unyoya wa bawa la kulia hupinda kinyume na wa bawa la kushoto, na mpindo huo ndio unaouzungusha mshale angani na kuutuliza. Manyoya yote ya mshale mmoja lazima yatoke upande mmoja. Wajapani wanaofuata sanaa ya kyudo, yaani upigaji upinde wao wa jadi, hulijua hilo kiasi kwamba mishale yao huenda kwa jozi, mmoja ukiwa na manyoya ya upande huu na mwenzake ya upande ule, ikizunguka kwa mwelekeo tofauti, lakini ndani ya mshale mmoja hawachanganyi kamwe. Mimi niliwahi kununua furushi la manyoya hamsini kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba yote ni ya kulia. Nilipoyapanga mezani, kumi na manane yalikuwa ya kushoto, na tayari nilikuwa nimegandisha mishale minne iliyoyumba kama mlevi. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuweka unyoya mmoja juu ya mwingine na kuona kama mipindo yake inalaliana.

Nafasi ya kwanza ninawapa manyoya mazima ya bata mzinga, yaani yale ambayo hayajakatwa umbo. Ni mapana, magumu bila kuvunjika, na marefu kiasi cha kutosha kuchagua sehemu bora ya katikati na kutupa ncha laini pamoja na shina nene. Ndiyo maana yametawala soko la wapiga upinde wa jadi duniani. Ukiyanunua mazima unaweza kuyakagua vizuri: pitisha vidole kinyume hadi nyuzi zake ziachane, kisha yalainishe kuelekea ncha, unyoya mzima hujifunga tena kana kwamba haukuguswa. Uinue pia kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaoukata kwa upana, hiyo ni alama ya ndege aliyekosa chakula au kusumbuliwa wakati unyoya ulipokuwa unakua, na hapo ndipo utakapovunjika. Katika nchi zetu bata mzinga hufugwa, hasa kwa ajili ya nyama ya sikukuu, na mfugaji anayechinja Desemba mara nyingi huyatupa mabawa. Mwenye kumwendea mapema na kumwomba amtengee mabawa ya kulia peke yake atapata bidhaa ya daraja la kwanza kwa bei ya takataka. Kazi itakayobaki ni kupasua ufito wa katikati kwa kisu kikali, kuusugua kwa msasa hadi uwe bapa na mwembamba, kisha kukata umbo kwa kigezo au kuliunguza kwa waya wa moto. Hilo la waya lifanyie nje, la sivyo jirani atakuja na sahani akidhani umebanika kuku.

Nafasi ya pili ni manyoya hayo hayo ya bata mzinga yakiwa yamekwisha kukatwa na kusuguliwa kiwandani. Yanamfaa anayeanza, na mtu asiye na muda, kwa kuwa yote huwa sawa kwa urefu na kwa uzito. Sababu ya kuyaweka chini ya mazima ni kwamba unalipia kazi ambayo ungejifunza kwa jioni mbili, na huwezi kujua unyoya ulikatwa sehemu gani. Rangi kali isikudanganye: karibu yote ni manyoya meupe yaliyotiwa rangi, na unyoya uliokauka kwa kutiwa rangi vibaya hutoa mlio wa kukatika unapoukunja taratibu.

Manyoya ya bata bukini ninayaweka nafasi ya tatu, ingawa wapo wapiga upinde watakaonipinga. Ndiyo yaliyotumiwa na wapiga upinde wa Uingereza kwa karne kadhaa, na kwa kuwa bata bukini ni ndege wa maji, wengi huyasifu kwa kustahimili unyevu. Kasoro yake ni upatikanaji, pamoja na wembamba wa nyuzi unaofanya yachakae upesi yanapopigwa mara kwa mara kwenye shabaha ya majani.

Kanga anashika nafasi ya nne. Manyoya yake ni mafupi, hivyo hayakupi chaguo kubwa, lakini ni magumu, yana madoa mazuri ya asili na yana historia hapa hapa: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wameyatumia kwenye mishale yao, wakiyafunga kwa kano badala ya gundi. Kwa mshale mwepesi wa mazoezi, kanga wa kufugwa anatosha. Kuku wa kawaida nisingempa nafasi yoyote isipokuwa kwa mishale ya watoto, kwani unyoya wake hulegea baada ya mapigo machache.

Mwisho kabisa ni manyoya ya tumbusi, tai na ndege wengine wa porini. Ni kweli kwamba mababu waliyapenda, na ni kweli kwamba ni imara. Hata hivyo tumbusi kadhaa wa Afrika waliwekwa mwaka 2015 katika kundi la ndege walio hatarini kabisa kutoweka, na chini ya sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, kumiliki sehemu ya mnyama wa porini bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kosa la nyara. Msomaji aliyeko Marekani ajue kwamba sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inamkataza hata kuokota unyoya wa mwewe uliodondoka njiani. Muuzaji anayekunong'oneza kwamba anao wa tai anakuuzia kesi.

Kuhusu kiasi, mishale kumi na miwili yenye manyoya matatu kila mmoja inahitaji manyoya 36, lakini nunua yasiyopungua 45, maana mengine yataharibika kwenye msasa. Kwa mshale wa mti, urefu wa inchi 5 ndio salama. Inchi 4 inatosha upinde ukiwa mwepesi na chembe, yaani ncha ya mshale, ikiwa ndogo. Fedha inayobaki usiitumie kwenye rangi, bali kwenye kifaa cha kushikia unyoya wakati gundi inakauka, kinachogawa mzunguko wa uti kwa digrii 120 na kuulaza unyoya kwa mshazari mdogo unaofuata mpindo wake. Unyoya mmoja ukae pembe mraba na pengo linaloshika ugwe, ili mawili yaliyobaki yapite karibu na upinde bila kuukwaruza. Gundi yoyote nzuri ya mbao itashika, ila ncha ya mbele ya ufito izungushiwe uzi wa katani au wa hariri, kwa sababu ufito ukibanduka hapo unaweza kuingia kwenye mkono wa mpigaji kama mwiba.

Manyoya ya akiba yahifadhiwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vidonge vya dawa ya nondo, na yafunguliwe kila baada ya miezi michache kukaguliwa. Yakikunjamana kwa kubanwa, yashikilie juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache nayo yatasimama tena.