TAHADHARI: Muuzaji anayeshika sifongo nje ya maji ili "uone ilivyo nzima"

Wafugaji wenzangu wa viumbe wa baharini kwenye matangi ya maji ya chumvi, ukitumiwa video ya sifongo nyekundu yenye matawi, mtu kaishika mkononi hewani, maji yanachuruzika, na sauti inasema "tazama ilivyo nzima", usitume pesa. Mimi nilituma.

Jina lake siandiki, maana leo anajiita hivi na kesho vingine. Mtamtambua kwa mbinu zake.

Sifongo ni mnyama, ingawa ukimwona utadhani ni tawi la mti. Mwili wake wote ni vitundu na vijia. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo, yanachujwa bakteria na chembe za chakula, kisha yanatokea kwenye matundu makubwa. Ukiitoa majini, hewa inaingia kwenye vijia na kukwama, na pale ilipokwama maji hayapiti tena, kwa hiyo nyama ya hapo inaanza kufa. Ndiyo maana sifongo huhamishwa ndani ya maji kwa maji: chombo kinazamishwa, inaingizwa humo humo, inatoka bila kuonja hewa.

Sasa sikilizeni ujanja ulipo. Haifi siku hiyo wala kesho yake. Rangi inaweza kubaki hivyo hivyo siku nyingi huku ndani mambo yameshaharibika. Yeye anatoa dhamana ya siku saba, na anaitaja kwa mbwembwe kweli. Yangu ilianza kuonyesha dalili siku ya tisa.

Ilikuwa ncha ya tawi moja, utando mweupe kama ukungu wa mkate. Nikamtumia picha. Akajibu, "Usijali kaka, inajivua ngozi tu." Kuna matumbawe laini ambayo kweli hujivua, kwa hiyo uongo ulikuwa na pa kushika. Nikachukua bomba la kulishia, nikapuliza maji taratibu pale kwenye weupe. Ukatimka kama vumbi la unga, chini yake zikabaki nyuzi tupu za kijivu. Hapo nikajua. Anayejivua huacha ngozi mpya chini, haachi mifupa.

Laiti ningelikata tawi lile usiku ule ule. Nikasubiri, nikiamini maneno ya mtu. Asubuhi ya tatu nikafungua mfuniko nikakutana na harufu ya yai viza, kichujio cha povu kinafurika, na kamba wangu wawili wamelala ubavu. Amonia, sumu inayotokana na uozo, ilisoma 0.5, na maji ya chumvi yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8.2 hayana msamaha na amonia, kwa kuwa kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu yake yenye sumu inavyoongezeka.

Nilipomtumia kipimo hicho, akakigeuza: "Si unaona? Maji yako yana amonia, ndiyo yaliyoiua." Yaani uozo wa bidhaa yake ukawa ushahidi dhidi yangu! Ndiyo maana nawaambia, pimeni maji na mpige picha ya kipimo KABLA ya kuweka kitu chochote kipya. Mimi sikuwa nayo, nikakosa la kujibu.

Na lile neno lake "haihitaji kulishwa, inajitegemea" ni uongo mwingine. Tangi linalong'aa kwa usafi ni njaa kwa sifongo, na njaa nayo inaua polepole, nje kabisa ya dhamana.

Kwa aliyekwisha kuuziwa: vaa glavu, maana baadhi zina vijiba vinavyowasha vibaya. Kata kwa wembe mkali, ikiwa ndani ya maji, upite weupe mpaka kwenye nyama yenye rangi yake. Huku ukikata, nyonya mabaki kwa mpira wa maji yasitawanyike. Weupe ukishafika shinani usibembeleze, toa yote. Kisha badilisha robo ya maji, weka mkaa wa kuchujia ulio mpya, ongeza hewa, na pima amonia kila siku mpaka isome sifuri.

Kwa anayetaka kununua, omba video mbili: moja chini ya taa nyeupe (yeye hupiga chini ya taa ya buluu, ambayo inaficha madoa ya kijivu), nyingine akiifungasha ikiwa imezama. Mimi niliomba baadaye, kwa akaunti ya rafiki. Alituma ya kwanza. Ya pili akasema simu yake haipigi video vizuri karibu na maji.

Jana ametangaza mzigo mpya. Ni za njano safari hii, na kashika moja mkononi, inachuruzika.