Diski ya meno 100 ya kukatia alumini: uzoefu wangu

Natengeneza madirisha na milango ya alumini hapa Kariobangi Light Industries, na katika kazi hii mteja haangalii kioo kwanza, anaangalia kona. Ndiyo maana nilinunua diski ya msumeno ya inchi 10 yenye meno 100 ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma), maalumu kwa alumini, nikaifunga kwenye mashine ileile ninayokatia mbao. Bei ni zaidi ya mara mbili ya diski ya mbao, lakini sijutii. Pembe ya nyuzi 45 inatoka ikimetameta, na vipande viwili vinakutana bila kupigwa tupa.

Kinachosaidia ni mkao wa meno. Ya diski ya mbao huinama mbele, yakaidaka profaili, yaani kile kipande kirefu cha alumini cha fremu, na kuirusha. Haya yameegemea nyuma kidogo: jino moja limekatwa pembe ili lifungue njia, linalofuata ni bapa, linasafisha. Wenye kutumia grainda na diski ya mchanga wanajua inavyoziba, maana alumini huanza kunata kabla hata haijakaribia nyuzi joto 660 za kuyeyuka. Hata meno haya hunata yakikauka, kwa hiyo nasugua mshumaa juu yake, plagi ikiwa imechomolewa. Mafuta siyataki, yanatapakaa profaili nzima, na silikoni ya kuzibia kioo haishiki penye mafuta.

Kelele ndiyo kero. Profaili nyembamba inalia kama mbuzi anayeburutwa, hasa isipobanwa vizuri. Naweka kipande cha mbao nyuma yake na klampu pande zote mbili. Nashusha mkono wa mashine polepole, na nikimaliza naachia swichi, diski isimame kabisa ndipo niinue. Miwani ni lazima, na shati lifungwe hadi kolani, chembe zinatoka na moto wake.

Halafu kuna tundu la katikati. La diski hii ni milimita 30, shafti ya mashine yangu ni 25.4, na pete ya kupunguza haikuwa kwenye boksi. Niliitafuta duka kwa duka Kirinyaga Road, na bila pete usithubutu kuiwasha. Chuma cha kawaida pia usikiguse nayo, utang'oa meno.

Ikichakaa, mnoaji wa misumeno wa mtaani hataiweza. Kabaidi inataka jiwe la almasi, basi muulize anayekuuzia kama anajua pa kuinoa.