Baiskeli ya Mjapani kwa binti wa sekondari: uzoefu wangu hapa Mwanza

Niseme mapema nilikoangukia, ili mwenye haraka asisumbuke kusoma hadi chini. Binti yangu wa kidato cha pili nimemnunulia baiskeli ya mtumba kutoka Japani, inchi 26, gia tatu za ndani ya habu (kile kitovu cha gurudumu la nyuma), kikapu mbele, keria nyuma. Anaitumia kwenda shule tangu muhula wa kwanza uanze. Naipa nne kwa tano, na ile moja niliyoinyima imeliwa na breki ya nyuma.

Kilichotusukuma kununua ni daladala. Tunakaa Buhongwa, shule iko upande wa Nyegezi, kwa hiyo ni barabara moja tu iliyonyooka. Mwenye mwanafunzi wa kutwa anaijua shida hii: asubuhi gari zinapita zimeshona, na hata yenye nafasi, konda akiona sare anageuza uso, maana nauli ya mwanafunzi haimlipi. Mtoto anatoka nyumbani giza halijaisha na bado anakuta geti limefungwa. Jioni ni hivyo hivyo.

Binti mwenyewe alikuwa na baiskeli yake kichwani tayari. Alitaka maunteni mpya, yaani baiskeli ya milimani, nyeusi na kijani, shokapu mbele na nyuma, gia 21, kama ya mwenzake wa darasani. Mjomba wake akaja na ya kwake: "Nunua Phoenix ya 28, chuma ile, haifi." Mimi nilikuwa na laki tatu isiyozidi, na humo humo itoke kufuli, taa na kofia.

Nianze na ya mjomba, kwa sababu hoja yake si ya kubeza. Baiskeli nyeusi ya 28 ndiyo iliyoijenga Usukuma. Simama Usagara asubuhi uone zinavyoingia na mkaa, maziwa na viroba vya mahindi, wenye nazo wakisukuma kilima jasho linatiririka. Spea zake zipo kila kona na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Lakini hiyo ni baiskeli ya mzigo, ya mtu mzima mwenye miguu mirefu. Binti yangu ana sentimita 154. Tulimpandisha juu ya moja dukani, tandiko likiwa limeshushwa hadi mwisho, na bado vidole vya miguu ndivyo tu vilivyogusa sakafu, tena kwa kuinamisha baiskeli upande. Ina ile paipu ya juu, na yeye anavaa sketi. Gia ni moja. Halafu kuna breki za vyuma: raba inabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa inateleza, unabana unaona baiskeli inaendelea na safari zake. Sisi huku mvua ya asubuhi inayotoka ziwani si mgeni. Mjomba nilimshukuru.

Maunteni mpya ndiyo iliyotaka mabishano. Dukani iling'aa kweli, bei 290,000. Nilimwambia binti ashike breki ya mbele kwa nguvu kisha asukume usukani chini kwa uzito wake. Shokapu ilizama, ikabaki imezama kidogo, ikarudi kwa mlio. Nikamwambia aiinue. Akashindwa kuipandisha hata kwenye ngazi ya duka, kwa sababu shokapu za bei hiyo ni chuma na springi tupu, kazi yake kubwa ni kuongeza uzito. Ile ya nyuma ndiyo mbaya zaidi kwa anayepanda vilima: kila ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu inaishia kubonyeza springi badala ya kusukuma tairi. Na hizo gia 21, tatu mbele na saba nyuma, zinabadilishwa na kimkono kinachoning'inia nje ya gurudumu. Baiskeli ikianguka upande huo, kimkono kinapinda, na siku mtoto akiweka gia ya chini kabisa kinaweza kuingia kwenye spoki. Watoto huangusha baiskeli. Sijaona asiyeangusha.

Nisieleweke kwamba maunteni zote ni mbovu. Kijana anayeishi juu kwenye mawe ya Mabatini, akapata maunteni ya mtumba isiyo na shokapu ya nyuma, yenye fremu nyepesi, atafurahi nayo. Ninachosema ni kwamba kwa laki tatu kasoro, ile mpya yenye vikorombwezo ni rangi unanunua.

Sasa saizi, ambayo ndiyo naona wazazi wengi tunaipita haraka. Tumezoea kununua sare kubwa ili mtoto aijaze mwakani, na akili hiyo hiyo tunaingia nayo kwenye duka la baiskeli. Sare ikizidi unakunja upindo. Baiskeli ikizidi, mtoto hawezi kuweka mguu chini anaposimama ghafla, na kwenye barabara yetu anayemfuata nyuma ni lori. Kabla ya kwenda mjini nilimsimamisha ukutani bila viatu, nikamwekea daftari gumu katikati ya mapaja, likapandishwa hadi mwisho kana kwamba amekaa kwenye tandiko, nikachora mstari wa penseli ukutani. Sentimita 72. Kipimo hicho kinakusaidia kuliko umri, kwa sababu watoto wawili wa miaka 14 wanaweza kupishana kichwa kizima. Ukiwa na baiskeli yenye paipu ya juu, asimame ameitanua miguu pande zote mbili, nyayo zote chini, na paipu isimguse; inchi moja au mbili za nafasi zinatosha, za maunteni zizidi kidogo.

Tandiko nalo lina kipimo chake. Akae, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Akishaweka sehemu ya mbele ya unyayo, pale anapokanyagia kwa kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kwa anayejifunza unaweza kushusha zaidi ili nyayo zifike chini, kisha unapandisha kadiri anavyozoea. Kingine: chomoa paipu ya tandiko uiangalie. Ina alama iliyochongwa ya mwisho wa kupandisha. Alama hiyo haitakiwi kuonekana nje hata siku moja, ikionekana ujue paipu inaweza kukatika au kupasua fremu. Kwenye ya binti yangu, tandiko likiwa sawa kwake leo, bado kuna karibu kiganja kizima cha kupandisha. Hapo ndipo nilipopata ule "ukubwa wa kukulia" bila kumpa baiskeli inayomzidi leo.

Ya Kijapani tuliikuta kwa muuza mitumba, imepangwa na nyingine kama arobaini, vumbi tupu. Fremu imeshuka katikati, haina paipu ya juu, kwa hiyo sketi haisumbui, na cheni imefunikwa na bati. Kwenye fremu bado ina kistika cha maandishi ya Kijapani. "Mama, huyu ni Mjapani mwenyewe, hata rangi hajabadilisha," kijana muuzaji akaniambia, akataja 260,000. Nikamwambia tuongee baada ya kuikagua, akacheka.

Nilichokagua ni hiki. Nikainua nyuma, nikazungusha gurudumu na kutazama kama rimu inayumba kushoto na kulia. Nikashika tairi kwa juu nikalitikisa kwa ubavu. Likicheza, beringi za habu zimekwisha au zimelegea. Nikashika mikono ya pedali nikaitikisa vilevile. Nikachungulia chini ya kikapu, kwenye maungio ya foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa sababu maji hukaa pale na kutu huanzia pale. Foko ilikuwa safi. Tairi za mtumba zinadanganya: kashata za juu zilikuwa nene kabisa, lakini nilipobonyeza ubavu nikaona mipasuko midogo midogo ya raba iliyokauka. Hizo zinaisha upesi zikianza kubeba mtu. Nikamwonyesha. Tukakubaliana 215,000, akabadilisha tairi zote mbili na tyubu. Kufuli ya duara iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma ilikuwepo, funguo hakuna, akaikata.

Hapo kwenye tairi pana mtego. Kijana alileta kwanza tairi za maunteni, zimeandikwa 26 kwa 1.95, akasema "26 ni 26". Sizo. Tairi ya baiskeli hizi imeandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ni kubwa zaidi: mahali tairi inapokalia, kipenyo ni milimita 590, wakati ya maunteni ni 559. Ile ya maunteni haiingii hata ukiivuta na miti miwili. Kwa hiyo ukienda kununua spea, soma maandishi ubavuni mwa tairi lako la zamani, usitaje inchi peke yake. Tairi za 1 3/8 hapa Mwanza nimezipata, ila si kila duka linazo, na mtaani kwetu hazipo. Sasa nina moja ya akiba nyumbani, nimeitundika msumarini.

Fundi wetu wa Buhongwa, mzee mmoja wa Kisukuma anayefanyia kazi chini ya mwembe, aliizunguka akaguna. "Mayu (mama), hii habu ikifa, mimi siifungui." Nikamuuliza, "Sasa mzee, inakufa kwa nini?" Akasema, "Maji na kuachwa." Na kweli, gia hizi za ndani zimefungwa ndani ya habu, vumbi na mawe havizigusi, na raha yake nyingine ni kwamba unabadilisha hata ukiwa umesimama kwenye taa. Kinachosumbua ni waya. Ukilegea, gia ya pili inaruka na pedali inazunguka tupu ghafla, jambo la hatari kwa aliyesimama anakanyaga. Kuirekebisha hakuhitaji fundi: weka gia ya pili, angalia kwenye kile kidubwasha kilichopo kwenye ekseli ya nyuma, kina kidirisha chenye alama, zungusha nati ya waya mpaka alama zikutane. Binti anafanya mwenyewe siku hizi, tena kwa madaha.

Kupanda je? Kutoka Nyegezi kurudi kwetu pana vimwinuko, na kwa gia ya kwanza anapanda amekaa. Baiskeli yenyewe ni nzito, haina ubishi. Kilo kama kumi na nane hivi, kwa kukadiria. Asiyetaka uzito atafute nyingine.

Na sasa hiyo breki. Ya mbele ni ya kubana rimu, rimu ni aluminiamu, inashika vizuri hata kwenye mvua. Ya nyuma ni ngoma ndogo iliyozungukwa na mkanda, ukibana mkanda unaikumbatia ngoma. Inasimamisha, lakini inalia! Jirani anajua binti amefika kabla geti halijafunguliwa. Mzee aliifungua, akaisugua ngoma kwa msasa, ikanyamaza, kisha mvua mbili tatu zikairudisha pale pale. Kijana mmoja wa bodaboda alishauri tuweke oili. Tafadhali, breki haiwekwi oili, hata ikipiga kelele kama nguruwe. Dawa ni kubadilisha mkanda na ngoma, na sijapata hivyo vipya hapa mjini.

Gharama za pembeni: kufuli ya cheni 15,000, taa ya nyuma ya betri 8,000. Taa ya mbele ilikuja nayo, ya dainamo inayosugua tairi. Inafanya kazi ila inamkokota, kwa hiyo anaiwasha giza likiingia tu. Kofia ndiyo iliyonitesa. Za bodaboda ni nzito kwa shingo ya mtoto, na za baiskeli nyingi nilizokuta mitumbani zilikuwa zimepasuka ndani, kwenye ile povu nyeupe. Iliyopasuka imeshafanya kazi yake, haifanyi mara ya pili. Nilipata nzima kwa 20,000. Jumla 258,000, chini ya laki tatu yangu.

Shuleni kabla ya kununua niliuliza zinaegeshwa wapi. Wana kibanda karibu na mlinzi. Barabarani tulikubaliana mambo mawili tu: upande wa kushoto siku zote, na kwenye makutano ya Nyegezi, palipo na mabasi ya stendi, anashuka na kuisukuma. Mjomba alimpitia jioni moja bila kumwambia, akakuta kweli anasukuma.

Ya maunteni bado anaitaja akiona tangazo. Lakini begi liko kikapuni, mgongo haumuumi, na yule mwenzake mwenye shokapu mbili anarudi kwa daladala tangu kimkono cha gia kipinde.

Kwa mwenye kijana mrefu, aliyepita sentimita 165 hivi, tafuta hizo hizo za Kijapani za 27. Tairi zake zimeandikwa 27 x 1 3/8, na hizo msizichanganye na za 28 za Phoenix, zinapishana milimita tano tu lakini haziingiliani. Na valvu zake, kama za 26, ni zile za kizamani za kifuniko na kipande cha ndani, pampu ya gari haizijazi mpaka uwe na kichwa cha kuunganishia. Mimi nacho nakitunza kwenye droo ya jikoni.