Uzoefu wangu: MSTP kwenye mtandao wenye Cisco, Aruba na MikroTik

Natunza mtandao wa chuo kimoja chenye majengo yaliyounganishwa kwa faiba, kila jengo na faiba mbili ili moja ikikatika nyingine ibebe. Swichi zilinunuliwa kwa awamu, kila awamu na bajeti yake: katikati kuna Cisco Catalyst, ofisini Aruba 2530, mabwenini MikroTik za familia ya CRS3xx. STP ni itifaki inayofunga njia za ziada kati ya swichi ili data isizunguke bila mwisho, na njia zinazobaki wazi huitwa mti. MSTP ni aina ya STP inayojenga mti mmoja kwa kila kundi la VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zilezile, na kundi hilo huitwa instansi. Nimeishi nayo kwenye mtandao huu vya kutosha kuisemea. Kwa mtandao wa chapa mchanganyiko, hii ndiyo STP ya kuweka, na ningeipa nyota nne kati ya tano.

Kabla yake katikati tulikuwa na Rapid PVST+, na pembeni RSTP ya kawaida, yenye mti mmoja kwa VLAN zote. PVST+ ni itifaki ya Cisco inayojenga mti wake kwa kila VLAN, na pale ambapo kila swichi ni Cisco inafanya kazi safi kabisa. Lakini BPDU zake, yaani ujumbe ambao swichi hutumiana kujenga mti, husafiri kwa anwani ya Cisco, 01-00-0C-CC-CC-CD, ilhali kiwango cha IEEE, shirika la viwango, kinatumia 01-80-C2-00-00-00. Kwenye VLAN 1 Cisco hutuma za aina zote mbili, kwa hiyo swichi ya chapa nyingine inasikia, inajibu, na fundi anaona mambo yamekaa sawa. Kwenye VLAN 20 au 30 hali ni tofauti: swichi ya RSTP inapokea BPDU isiyoijua, inaichukulia kama multikasti (ujumbe wa kwenda kwa wengi) yoyote ile na kuisambaza kwenye poti za VLAN hiyo. Mti mmoja unakuwa umejengwa na wote, mingine inajengwa na Cisco peke yao, huku swichi za chapa nyingine zikiwa wapitishaji tu. Wapo walioamua kuongea lugha hiyo ya Cisco, mfano Juniper kwa VSTP yao, lakini RSTP tupu haina habari nayo.

Siku moja Wi-Fi ya wanafunzi ilikufa kwenye bweni zima. Taa za faiba zote mbili zilikuwa zinawaka kijani. Swichi ya bweni ilijibu ping bila kupoteza hata moja. Simu ya mwanafunzi ikaunganishwa kwenye Wi-Fi lakini haipati anwani ya IP. Kumbe RSTP ilikuwa imefunga faiba moja, na ikifunga inafunga kwa VLAN zote. Faiba iliyobaki wazi haikuwa na VLAN ya wanafunzi kwenye orodha ya VLAN zinazoruhusiwa. VLAN ya usimamizi ilipita, ndiyo maana ping ilijibu, wanafunzi wakabaki nje.

Naieleza hii kwa sababu MSTP haiiponyi. Nayo hufunga poti kwa VLAN zote zilizo kwenye instansi moja. Kwa hiyo kila njia kati ya swichi na swichi ibebe VLAN zote za instansi yake, bila kubania. Ukishindwa kulisimamia hilo, usianze.

Sasa MSTP yenyewe. Swichi huhesabiwa kuwa za eneo moja zikilingana mambo matatu: jina la eneo, namba ya marekebisho, na ramani ya VLAN ipi iko instansi ipi. Herufi moja kubwa badala ya ndogo kwenye jina inatosha kuzitenganisha. Aruba 2530 huja na STP imezimwa, na ukiiwasha bila kuipa jina inatumia anwani yake ya MAC (ya kiwandani) kama jina, maana yake kila swichi ni eneo lake. Kwenye MikroTik tumia bridge (daraja linalounganisha poti) moja yenye vlan-filtering. Achana na ule mtindo wa zamani wa kutengeneza bridge kwa kila VLAN, kwa sababu BPDU zinaweza kutoka na tagi (alama ya VLAN) na swichi za chapa nyingine zisizielewe. Na kama una CRS1xx au CRS2xx, hizo chipu yake haibebi MSTP, kazi itaangukia CPU.

Kinachoniokolea muda kuliko chochote ni mstari wa Digest. Kwenye Cisco andika show spanning-tree mst configuration digest, kwenye Aruba show spanning-tree mst-config. Ni hesabu ya ramani yote, kwa hiyo tofauti ya VLAN moja tu inabadilisha namba nzima. Ukiona inaanza na AC36177F, swichi hiyo haina ramani, VLAN zote bado ziko instansi 0. Ila kumbuka Digest inapima ramani tu. Jina na namba ya marekebisho viangalie kwa macho. Na panga ramani yote mapema, hata VLAN ambazo hujazitengeneza. Ukiongeza VLAN kwenye ramani baadaye, swichi unayoigusa inatoka kwenye eneo mpaka zote zilingane tena.

Faida nyingine ni gharama za njia, yaani namba ambazo STP hulinganisha kuchagua njia, ndogo ndiyo inayoshinda. PVST+ ya Cisco kwa kawaida huhesabu gigabiti 1 kuwa 4, wakati hesabu mpya ya IEEE ni 20000. Zikichanganyika, njia ndefu inayopita Cisco inaonekana ya bei rahisi kuliko faiba ya moja kwa moja. MSTP hutumia hesabu hiyo mpya, ugomvi unaisha.

Kwenye kuhama, tulianzia katikati usiku, tukaipa swichi kuu, ile ambayo mti unaanzia kwake, kipaumbele 4096 kwenye instansi 0; namba ndogo ndiyo inayoshinda. Swichi za Cisco zilizobaki na PVST+ zisiwe na namba ya kipaumbele ndogo kuliko hiyo kwenye VLAN yoyote, la sivyo poti ya mpakani inafungwa. Fuatilia maneno Bound(PVST), yaani poti inapakana na swichi ya PVST+, kwenye show spanning-tree. Kila swichi inayohamia, neno hilo linatoweka kwenye poti yake.

Nyota ya tano nimeinyima kwa jambo moja. MSTP haina njia ya swichi kupeana ramani. VTP toleo la 3, itifaki ya kusambaza mipangilio ya VLAN, inaweza, lakini ni ya Cisco kwa Cisco. Kwenye chapa tatu unaandika ramani ileile mara tatu kwa lugha tatu, na mimi nimeiweka kwenye faili moja, amri za kila chapa zikiwa chini ya jina lake, na hakuna anayegusa VLAN kabla ya kulifungua.