Kununua skroli Dar es Salaam: anza na bledi, mashine baadaye

Ukiingia duka la vifaa pale Gerezani ukaomba skroli, mara nyingi utaletewa jigso. Muuzaji hana nia mbaya. Wateja wake wengi ni mafundi wa Keko na Buguruni wanaotengeneza makabati na milango, na kwao msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka ni jigso, basi. Skroli ni kitu kingine: ni msumeno wa umeme wa kukatia nakshi. Inakaa mezani, mbao ndiyo inayosogezwa, na bledi yake ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kukata jina la mtoto kwa mwandiko wa kuunganisha kwenye ubao wa milimita 10. Kwa hiyo usiende dukani na jina tu, nenda na picha kwenye simu.

Mimi si fundi wa kulipwa. Ni mtu wa ofisini ambaye Jumamosi anajifungia kibandani uani akikata marufaa ya msahafu, vibao vya majina ya nyumba na mafumbo ya ramani ya watoto. Ninachoandika hapa ni kwa mtu kama mimi: ana fedha ya mashine moja, hataki kuipoteza, na anaishi mjini hapa ambako mashine zenyewe ni chache na vipuri vyake ni vichache zaidi.

Bei sitaziweka. Inategemea dola, inategemea kontena limeingia lini, na inategemea ulivyovaa siku hiyo.

Kabla ya mashine, bledi

Bledi za kawaida za skroli zina urefu wa inchi 5, kama milimita 127. Zinapotofautiana ni kwenye ncha. Kuna zenye pini, yaani kijiti kidogo cha chuma kilichopitishwa kwenye kila ncha ikawa kama herufi T, na kuna zilizonyooka tu, hazina kitu. Yenye pini unaitundika kwenye ndoano zake na umemaliza. Iliyonyooka lazima ibanwe kwa skrubu juu na chini, na siku za mwanzo itakuchomoka mara kadhaa mpaka mkono uzoee.

Ungedhani basi ya pini ndiyo bora. Sasa jaribu kukata tundu la ndani la herufi "a". Kazi ya ndani huanza kwa kutoboa na drili, kuipitisha bledi kwenye tundu, kisha kuifunga upya. Pini nayo lazima ipite, kwa hiyo unajikuta unatoboa tundu la milimita 5 hivi mahali ulipopanga nakshi nyembamba. Bledi iliyonyooka inapita kwenye tundu la milimita 1.5, na zile ndogo zaidi hata chini ya hapo. Nakshi yote ya maana iko ndani ya ubao, si pembeni. Mashine inayokubali pini peke yake imekufungia mlango kabla hujaanza.

Hili nililijua kwa gharama. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya pini tu. Ilikuwa na rangi nzuri, na dukani ilibaki hiyo moja. Ilikuja na bledi sita, zikaisha ndani ya wiki mbili, maana anayeanza huvunja bledi kama njiti za kiberiti. Niliporudi nikaambiwa, "Pita mwezi ujao, kaka, mzigo uko njiani." Mzigo haukufika. Mashine ikakaa chini ya kitanda miezi minane, mke wangu akiitazama kila anapofagia.

Aliyenifungua macho ni sonara mmoja wa katikati ya jiji. Nilimkuta anakata shaba kwa msumeno wake mdogo wa mkono, nikamwomba nione bledi. Imenyooka, haina pini, urefu wake karibu milimita 130. Yaani inaingia kwenye skroli yoyote inayobana bledi zilizonyooka! Meno yake ni madogo mno kwa mbao nene, lakini kwa mpingo mwembamba, mfupa au bati la shaba inafanya kazi safi sana. Tangu siku hiyo nina chanzo cha bledi mjini humu humu. Zile za mbao naagiza kwa dazeni, na kwa sababu ni nyepesi, hata mtu anayetoka safari anaweza kukubebea kwenye bahasha.

Kuhusu namba: kadiri namba inavyopanda ndivyo bledi inavyokuwa nene. Namba 2/0 na 1 ni za vitu vyembamba na kona kali. Namba 5 ndiyo ya kila siku, na mtu anaweza kukaa nayo mwaka mzima. Namba 7 na 9 ni za mbao za inchi moja na kuendelea. Ukipata zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuangalia juu, chukua, kwa sababu plaiwudi haitachanika upande wa chini.

1. Skroli ya inchi 16, volti 230, inayobana bledi za aina zote mbili

Orodha hii nimeipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi. Hii ndiyo ya kununua, na mtu akiniuliza kwa haraka barabarani nitamtajia hii kisha niendelee na safari yangu.

Inchi 16 ni nafasi kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, kama milimita 406. Maana yake ukizungusha ubao unafika katikati ya kipande cha upana wa sentimita 80, ambacho nyumbani hukitaki mara nyingi. Kampuni za Ujerumani kama Einhell na Scheppach zina mashine za ukubwa huu, na zipo nyingi za Kichina zenye majina tofauti lakini umbo lile lile. Kasi hurekebishwa, kwa kawaida kati ya mapigo 400 na 1,600 kwa dakika, na usikubali isiyorekebishwa: mninga unautaka mwendo wa kati, plastiki na shaba zinataka polepole, la sivyo plastiki inayeyuka na kujifunga tena nyuma ya bledi.

Umeme isikutishe. Mota nyingi za ukubwa huu ni wati 120 au karibu na hapo. Ukikata saa nane mfululizo, uniti moja ya LUKU haijaisha. Pasi inakula zaidi.

Kitu cha kukagua ni jinsi inavyobana bledi iliyonyooka. Nyingine huja na vibano vidogo vya kuongezea vinavyofungwa kwa spana ndogo ya pembe sita, na muuzaji asipoviona kwenye boksi atakwambia havihitajiki. Vinahitajika. Fungua boksi hapo hapo, vihesabu, viwe viwili.

2. Msumeno wa nakshi wa mkono

Wengi watashangaa kuuona hapa juu. Ni fremu ya chuma yenye umbo la U, kina chake sentimita 30 hivi, ina mpini chini na bledi ile ile iliyonyooka. Unaubana ubao wenye mkato wa V kwenye ukingo wa meza, unaweka kazi juu yake, meno yakiangalia mpini, unavuta kwenda chini. Hauna mtetemo, hauna kelele ya kumwamsha mtoto wala jirani, na TANESCO wakikata umeme saa kumi jioni Jumamosi hujui hata kama wamekata. Unakufundisha pia kitu ambacho mashine inakificha: mbao ina njia yake, na bledi hufuata nyuzi ukiisukuma kwa nguvu.

Udhaifu wake ni unene. Zaidi ya milimita 10 za mninga, bega litakudai. Kama huna uhakika kwamba utaipenda kazi hii, anzia hapa. Bledi ulizonunua zitahamia kwenye mashine baadaye.

3. Mashine kubwa za inchi 20 na 21

DeWalt DW788, Excalibur ya inchi 21, Hegner za Ujerumani. Kwa ubora hizi ndizo za kwanza duniani na sibishi. Zinatulia, bledi inabadilishwa bila spana, na unaweza kukata asubuhi mpaka jioni mikono isife ganzi.

Nimeziweka ya tatu kwa sababu tuko Dar. Nyingi zinazoonekana mtandaoni zikivutia ni za soko la Marekani: volti 120. Zetu ni 230. Utahitaji transfoma ya kushusha, tena yenye uwezo wa kutosha, na kama mota inategemea mzunguko wa umeme, ile iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka taratibu kwa karibu moja ya sita kwenye hezi 50 zetu. DW788 peke yake ina kilo 25 hivi, kwa hiyo mzigo wa ndege utakuuma. Mawakala wanaopakia kwa meli hutoza kwa ujazo wa boksi, na boksi la skroli ni kubwa kuliko linavyoonekana pichani, basi uliza gharama ya mzigo kabla ya kulipia mashine. Ikiharibika swichi ya kasi, hakuna wa kukuuzia nyingine mtaani.

Kama unauza kazi zako Mwenge kwa wachuuzi wa vinyago, au umepata ya volti 230 kwa mtu anayehama nchi, sahau nilichosema. Chukua.

4. Mitumba ya Ulaya na Japani

Zinatokea kwenye makontena ya vyombo mchanganyiko. Za Ulaya ni volti 230, sawa na zetu, na za zamani za chuma cha kusubu zinadumu kuliko wewe. Za Japani ni volti 100: ukichomeka bila transfoma utasikia harufu kabla ya kuona moshi. Soma kibandiko cha nyuma, usimsikilize anayesema "imejaribiwa".

5. Za pini tu, na jigso

Hapana. Ya pini kwa sababu nimeshaieleza. Jigso ni msumeno mzuri wa kazi yake, lakini bledi yake imeshikwa upande mmoja tu na haiwezi kukunja kona ya ua.

Ukiwa dukani

Omba iwashwe. Weka sarafu ya shilingi 500 wima juu ya meza ya mashine, kisha pandisha kasi taratibu. Sarafu ikibaki wima kwenye kasi ya kati, mashine imetulia. Sarafu ikidondoka mapema usiikatae mashine papo hapo, kwanza tazama kama meza ya duka yenyewe inayumba. Nyumbani utaifunga kwa bolti kwenye benchi zito na kuweka vipande vya tairi chakavu chini, na mtetemo utapungua sana. Zima, shika mkono wa juu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, achana nayo. Kaza bledi uiguse kwa kucha kama uzi wa gambusi: iite sauti kali, isilie bubu.

Wanaokaa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach waongeze jambo moja. Chumvi ya bahari inakula meza ya chuma. Ipake nta ya mshumaa kila mwezi, na mbao itateleza vizuri zaidi juu yake.

Mbao za kuanzia

Pita karakana za Keko uombe mabaki ya mninga na mtiki. Kwao ni kuni, kwako ni fremu tano. Mpingo uache kwanza, ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na bledi huungua juu yake. Utakapoufikia, bandika selotepu pana juu ya mchoro kabla ya kukata. Inapunguza msuguano na alama za moto. Barakoa vaa siku zote, vumbi la mninga linawasha pua mpaka kesho yake.

Kwa kazi ya kwanza napendekeza fumbo la ramani ya Tanzania kwenye plaiwudi ya milimita 6, kila mkoa kipande chake. Tabora na Morogoro utavikata bila kuwaza. Mkoa wetu ndio mdogo kuliko yote ya Bara, unataka namba 1 na subira, na ndicho kipande ambacho watoto hukipoteza kwanza. Mimi siku hizi nakata Dar es Salaam mbili.