Kupigwa na Stima: Wodi Nzuri, Ruhusa Mbovu

Nikigawa nyota, wodi ya majeraha ya moto inapata nne, kliniki ya mazoezi tano, na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani moja, tena kwa huruma. Hospitali ni ya hapa Nairobi, jina nitalihifadhi.

Kazi yangu ni kupandisha mabango ya maduka. Tulikuwa Eastleigh, upepo ukayumbisha bomba la chuma likagusa waya wa volti 11,000 unaopita mbele ya ghorofa. Stima iliingilia kiganja cha kulia, ikatokea kisigino cha kushoto. Nilipozinduka, nilichokiona kiganjani ni kitundu cheusi kisichozidi sarafu ya shilingi kumi, wala hakikuuma. Nikajua nitapakwa dawa, nifungwe bendeji, nirudi zangu nyumbani Umoja.

Daktari wa zamu kile kitundu hata hakukijali. Alianza na waya za kupima moyo, kwa sababu stima inaweza kuvuruga mapigo hata kwa mtu anayeongea vizuri, kisha mpira wa mkojo. Mkojo ukatoka kama strungi. Akanieleza kwamba stima huunguza ndani kwa ndani: misuli iliyo karibu na mfupa inakufa huku ngozi ya juu ikionekana nzima, na protini ya misuli hiyo ikiingia kwenye damu inaharibu figo. Tiba yake ni maji mengi ya mshipani. Kwa mtu mzima wanataka mkojo wa mililita 75 hadi 100 kila saa, mpaka rangi isafike. Usiku kucha sista alikuwa akiinama chini ya kitanda na tochi ya simu, anasoma mfuko, anaandika, anaongeza dripu. "Leo una kazi moja tu, kaka," akaniambia, "kukojoa." Nyota nne zote ni zake.

Usiku huohuo mkono ulivimba, vidole vikawa baridi na ganzi. Nikakimbizwa thieta, nikapasuliwa kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko ili damu ipate njia. Ukiamka ukute mkono wa ndugu yako umeachwa wazi hivyo chini ya bendeji, usianze kugombana na watu, ndivyo inavyotakiwa. Na misuli iliyokufa haijionyeshi yote siku ya kwanza, kwa hiyo unarudishwa thieta tena na tena kukatwa iliyooza. Kidole changu kidogo kilienda huko. Baadaye walichuna ngozi ya paja wakaipandikiza mkononi, na ukweli ni kwamba paja liliniuma kuliko mkono. Dai dawa ya maumivu kabla bendeji haijaguswa, si baada.

Sasa ile nyota moja. Nilipewa karatasi ya kurudi kliniki na vidonge, basi. Hakuna aliyenitajia gango la kunyoosha vidole usiku, wala glavu ya kubana kovu. Kovu la kuungua hujikunja likikomaa, na vidole vyangu vilianza kufuata. Habari za glavu nilizipata kwa mgonjwa mwenzangu kwenye foleni!

Kule kwenye mazoezi, dada mmoja alipima kila kidole kwa utepe, tena kwa upole, akaandika hata upana wa kifundo. Glavu inavaliwa saa 23 kwa siku, unaivua kuoga na kupaka mafuta tu, kwa mwaka au zaidi. Januari ndani ya matatu ni mateso. Halafu ananikalisha nihamishe maharagwe, moja moja, kutoka bakuli hili hadi lile. Kazi ya kitoto, lakini ndiyo iliyonirudishia kushika drili. Ngumi haifungi kabisa, na baridi ya Julai naisikia mpaka mfupani.

Macho pia yapimwe. Mtoto wa jicho anaweza kuja miezi au hata miaka baada ya kupigwa na stima, hasa ikiwa ilipita karibu na kichwa.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilibeba sehemu ya bili ya kulazwa. Glavu nilinunua mwenyewe. Agiza mbili, moja ikifuliwa nyingine iwe mkononi. Uanike kivulini na usipige pasi, mpira wake ukilegea haibani tena.