Mida au Sabaki: uanzie wapi kutazama ndege wa pwani?

Ukiwa na darubini ndogo tu, anzia Mida, hori ya bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na maji yanapoanza kujaa, ndege husukumwa taratibu kuja upande wako. Mtafute mla kaa: mweusi kwa mweupe, mdomo mnene mweusi. Hukimbia hatua chache, husimama kama aliyesahau kitu, kisha humdaka kaa. Hawa huzaliana kwenye visiwa vya Ghuba ya Uajemi, ndani ya mashimo wanayoyachimba mchangani.

Mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, una ndege wa aina nyingi zaidi: heroe, buabua, shakwe na makundi ya vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni. Lakini ni uwanja mpana, upepo mkali, ndege wako mbali, na viboko wapo, kwa hiyo usiende bila mwenyeji. Kwa mgeni, vitwitwi wa mbali wote ni kijivu tu.

Kote kuwili, Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ya ndege wageni kutoka kaskazini. Mida angalia kwanza ratiba ya maji. Yakishakupwa sana, ndege hutawanyika.